Siku bibi alipoulizwa rais ni nani

Ilikuwa 2017, nilimpeleka bibi kwa dokta hapa Tanga maana alikuwa ashaacha jiko linawaka mara mbili na usiku anaamka anafungasha viroba eti mzigo umefika. Dokta mwenyewe kijana tu, akamwamkia vizuri, akaanza maswali, leo siku gani, mwezi gani, rais wetu nani. Bibi bila kusita, "Mwinyi." Mi nikainamisha kichwa, mzee Ali Hassan Mwinyi katoka Ikulu tangu 1995, na rais wakati huo ni Magufuli. Yeye kaendelea, anamsimulia alivyoanza mitumba enzi za ruksa, huyo Mwinyi alipofungulia biashara, balo lilivyokuwa linauzwa na nani alimdhulumu, mpaka dokta kaacha kuandika anasikiliza.

Akaambiwa ashike maneno matatu, embe, meza, shilingi, ataulizwa baadae. Kisha mia utoe saba.

"Saba nampa nani?"

Dokta akacheka, akasema mpe mjukuu wako. Basi akatiririka, tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, utadhani anarudisha chenji! Ila yale maneno matatu yalishaondoka yote, hata kwamba aliambiwa ayashike hakumbuki, akaniangalia kama vile mi ndo nimeyaficha. Hilo liliniuma kuliko la Mwinyi.

Kwenye kuchora, kalamu akaikataa kabisa, mtu hajakaa darasani hata siku moja, dokta akampangia njiti za kiberiti na bibi akaziiga vizuri tu. Jumla 17 kati ya 30, lakini dokta akasema nisiishikilie hiyo namba, mtihani wenyewe unawaonea wasiosoma.

Akaagiza damu na mkojo, akauliza dawa anazokunywa. Nikataja za presha, na piritoni, ile dawa ya mafua na mzio, moja usiku ya kumpa usingizi. Akashtuka. Kumbe piritoni kwa wazee inavuruga kichwa, inazuia kemikali ambayo ubongo unaitumia kwenye kumbukumbu, na mnunuzi ni mimi, karibu mwaka mzima, tena kwa mapenzi kabisa jamani! Akasema huenda si hiyo peke yake, ila tuiache kwanza tuone.

Tukaiacha. Akachangamka kidogo, viroba vikaisha, Mwinyi naye "alishatoka huyo". Embe na meza hazikurudi.

Mwezi wa pili tangu tuiache, namfulia kanga nakuta piritoni nne kafunga kwenye pindo, kumbe kila Ijumaa anamtuma mtoto wa jirani dukani, na hela ya pipi ya kumpa huyo mtoto haisahau hata siku moja.