Tambara bichi la Nightingale na vumbi la Dodoma

Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, Mwingereza aliyeanzisha uuguzi wa kisasa, wauguzi huwasha mishumaa na hotuba zote huwa za taa aliyozungukia nayo wagonjwa usiku. Taa sawa. Ila kwa nesi wa Dodoma, ambako upepo wa kiangazi huingiza vumbi jekundu hadi ndani ya trei, Nightingale wa kumfuata ni yule wa tambara bichi.

Wakati wa Vita vya Crimea alifika hospitali ya jeshi ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul, tarehe 4 Novemba 1854 na wauguzi 38. Askari wengi wa Uingereza pale hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kipindupindu na homa ya matumbo, humo humo hospitalini, juu ya mitaro ya maji machafu iliyoziba. Februari 1855 walikufa kama 42 katika kila 100. Machi ikaja tume ya usafi, ikazibua mitaro, ikapaka kuta chokaa. Juni wakafa kama 2. Mwenyewe alidhani shida ilikuwa chakula na vifaa, akabadili mawazo baada ya vita, alipozichambua takwimu. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi.

Kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu alikukataa kabisa: vumbi halitoki, linahama. Basi ufagio mkavu usiingie wodini. Lowesha tambara, likamue mpaka lisidondoshe, anza na madirisha, kisha vitanda na makabati, sakafu mwisho. Kunja upande safi kila ukimaliza kitanda. Ngoja nusu saa vumbi litulie ndipo ufungue bandeji. Wanaopiga deki huku kidonda kiko wazi wanajitafutia usaha.

Jiki, dawa ya klorini, ya asilimia 3.5 changanya sehemu 1 kwa maji sehemu 6, upate asilimia 0.5. Wengi huimwaga moja kwa moja juu ya damu nzito, na damu huiua klorini kabla haijafanya kazi. Futa damu kwanza ukiwa na glavu, osha kwa sabuni, suuza, ndipo jiki, dakika 10. Ya jana mwaga.

Siku ya mgao wa maji usipunguze ndoo: moja ya dawa, moja ya kusuuzia tambara. Ya kusuuzia ikishakuwa rangi ya chai, badilisha hiyo kwanza.