Umeme wa jua kutoka angani: pimeni duara kwanza

Ngomeni, kaskazini mwa Malindi kwenye pwani ya Kenya, si mgeni wa mambo ya anga. Kwenye majukwaa ya chuma yaliyo baharini pale, roketi za kubeba setilaiti zilirushwa kati ya 1967 na 1988, na setilaiti ya Uhuru iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Pahala palichaguliwa kwa kuwa pako takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyohiyo, pwani ya Malindi ingefaa kupokea umeme wa jua unaokusanywa angani.

Wazo lenyewe lilitolewa na Peter Glaser mwaka 1968. Setilaiti inawekwa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako inazunguka sawasawa na dunia, kwa hiyo ukiitazama ni kama imetua palepale. Huko jua linatoa wati 1,361 kwa kila mita ya mraba, mawingu hakuna, na kiza ni kidogo: karibu na Machi na Septemba tu ndipo kivuli cha dunia kinapoifunika kila usiku, kisichozidi dakika 70 na ushei. Umeme unageuzwa maikrowevu, unateremshwa kama mwale, na chini unapokewa na uwanja wa antena uitwao rektena.

Watu wengi huuliza kwanza kama mwale utachoma ndege. Ni swali la haki, lakini mimi naanza na duara la ardhi ambalo mwale utaliangukia.

Mwale hauwezi kubanwa utakavyo. Chukua urefu wa wimbi, zidisha kwa umbali, zidisha kwa 2.44, kisha gawa kwa upana wa antena ya juu. Kwa masafa ya gigahezi 2.45 wimbi lina urefu wa sentimita 12.2. Antena ya juu ikiwa na upana wa kilomita 1, duara la chini linatoka na upana wa kilomita 10 na nusu hivi. Ukipanda hadi gigahezi 5.8 linapungua kufikia kilomita 4 na nusu. Duara lile kubwa, likiwekwa katikati ya Ngomeni na Gongoni, linavifunika vijiji vyote viwili, mashamba ya chumvi na mikoko mingi. Ni hekta zinazokaribia 8,900. Na huwezi kuanza na mradi mdogo wa majaribio kisha ukue, maana ukipunguza antena ya juu, duara la chini ndilo linalozidi kupanuka.

Sasa nguvu yake. Katika mchoro wa Marekani wa mtambo kama huu, wa miaka ya 1970, katikati ya duara palikuwa na wati 230 kwa mita ya mraba na ukingoni wati 10. Jua la saa sita mchana linafika kama 1,000, kwa hiyo ndege apitaye juu hababuki. Lakini maikrowevu hupenya chini ya ngozi, na kiwango kinachokubalika kimataifa kwa raia ni wati 10. Katikati ni mara 23 ya hapo. Kupita ni jambo moja, kukaa ni jingine: heroe na membe wa mdomo wa mto Sabaki hutua, hulala na hula pahala palepale kwa majuma. Hilo ndilo la kupimwa.

Usalama wa mwale unategemea ishara ya uongozi inayotumwa kutoka katikati ya rektena kwenda juu. Kila kipande cha antena ya setilaiti hujipanga kwa kuifuata. Ishara ikikatika, vipande hupoteza mpangilio na mwale husambaa na kudhoofika. Haugeuki ukaunguza mji. Umeme nao hukatika papo hapo, na hapo gridi yetu ina shida. Setilaiti moja ya megawati 2,000 inakaribia kilele cha matumizi ya Kenya nzima, ambacho kimepita megawati 2,300 si zamani.

Rektena yenyewe ni vijiti vya antena vya sentimita 6, kila kimoja na daiodi yake, yaani kifaa cha kugeuza maikrowevu kuwa umeme tena, vikiachana sentimita 7 hivi. Ni kama 187 kwa mita ya mraba, zaidi ya bilioni 16 kwa duara zima. Ukingoni kijiti kimoja hupata wati 0.05 tu na daiodi haifanyi kazi vizuri, kwa hiyo vijiti kadhaa huunganishwa kwenye daiodi moja. Wavu ukiwa wazi, mwanga na mvua hupita, nyasi zikaota. Huo ni uzuri wake wa kweli.

Adui wa pwani ni chumvi. Shaba ikigusana na alumini penye unyevu wa bahari, alumini huliwa. Na bolti yenye kutu hufanya kama daiodi isiyotakiwa: hupokea maikrowevu na kutoa mawimbi mengine yanayovuruga mawasiliano. Kwa hiyo viungo vifunikwe kwa utomvu mgumu, na msimu wa kaskazi, mvua zikiwa haba, vioshwe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Maji hayo Gongoni yatoke wapi? Kwa maoni yangu rektena isikaribie mikoko kabisa. Ipelekwe bara, kwenye nyika, na wafugaji waulizwe mapema.

Huko juu kuna mzigo mwingine. Uchambuzi wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa Januari 2024 ulikadiria kuwa muundo mmojawapo wa setilaiti kama hii una tani 5,900 na unahitaji roketi kurushwa zaidi ya mara 2,300, pamoja na zile za kubeba mafuta. Hewa ya ukaa ilikadiriwa gramu 26 kwa kila uniti, kidogo sana ukilinganisha na makaa. Lakini hesabu ya gramu haisemi masizi yanamwagwa wapi. Roketi za mafuta ya taa huyaacha juu kabisa, ambako mvua haiyafikii kuyaosha, na chombo kinachorudi kwa kasi huunguza hewa yenyewe na kuzalisha oksidi za nitrojeni zinazokula ozoni. Kwenye mzingo ule wa kilomita 35,786 hakuna hewa ya kuvuta taka chini. Setilaiti iliyochakaa husukumwa kilomita 300 hivi juu zaidi, ikabaki huko. Karatasi nyembamba zinazobanduka kwenye setilaiti husukumwa na mwanga wa jua wenyewe, njia zao zikapinda na kukatiza za wengine.

Lamu wanaijua kazi ya tathmini ya mazingira: Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa wa Kwasasi, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tathmini ya rektena ihesabu ndege misimu yote miwili, kusi na kaskazi, kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa. Na fedha za kuondoa mabilioni ya daiodi, ambazo zikitengenezwa kwa galiamu na aseniki ni sumu zikitupwa ovyo, ziwekwe benki kabla mwale haujawashwa.