Apple ya Ulaya ilivyonizungusha kutafuta rangi

Niliipata kompyuta ya zamani, Apple II Europlus, kwenye soko la mitumba hapa Hamburg, imefunikwa vumbi, na kitufe kimoja cha kibodi hakipo. Ni toleo la Ulaya la Apple II Plus ya 1979. Yule mwenzake wa Marekani anatumia umeme wa volti 110. Huyu alitengenezewa 220.

Nilipofungua pawa saplai niliona kapasita ndogo ya kuchuja umeme, ganda lake lina nyufa. Nikajiambia itavumilia. Haikuvumilia hata dakika kumi: ilipiga kishindo, moshi ukajaa sebule, na harufu ikakaa siku nne. Ni uzee tu, na mimi niliyeuona nikaupuuza. Nikaing'oa, nikachomelea mpya, mashine ikalia "pii" na kutoa alama yake ya mabano.

Kazi ikaanza hapo. Niliandika GR, amri ya kuingia kwenye michoro, kisha COLOR=13 ya kuchagua rangi, nikachora mstari. Namba 13 ni njano. Mimi nikapata vimistari vyeusi na vyeupe vilivyosimama wima. Nikajaribu namba nyingine: vimistari vilevile, mpangilio tu ndio umebadilika. Kwa wiki tatu nilibadilisha waya, televisheni, hata chipu nane za kwenye bodi, moja baada ya nyingine. Wapi!

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi televisheni mstaafu. Alicheka mpaka akavua miwani. "Hiyo haijaharibika," akasema. "Ilitoka kiwandani hivyo."

Wozniak, mhandisi aliyeibuni Apple II, hakuweka saketi kamili ya rangi. Alicheza na muda. Saa ya mashine ya Marekani inapiga megahezi 14.318, mara nne kabisa ya mawimbi ya rangi ya televisheni za kule, 3.58. Kwa hiyo nukta nyeupe zikipangwa kwa ujanja, televisheni yenyewe inadanganyika na kuzisoma kama rangi. Ulaya wengi walitumia PAL, mfumo mwingine wa televisheni ya rangi: mawimbi ya rangi ni 4.43, tena yanageuzwa kila mstari. Ujanja ule haupiti. Europlus ikarekebishwa itoe picha ya hezi 50, lakini rangi ikaachwa nje; aliyeitaka alinunua kadi ya pembeni. Kusema kweli vile vimistari vyangu ndivyo njano yenyewe, ila hapakuwa na wa kuitafsiri.

Kadi niliipata baada ya miezi miwili. Huwezi kuichomeka popote: lazima sloti (tundu la kadi) ya 7, kwa kuwa ndiyo pekee inayoletewa ishara za rangi na za kupanga picha. Nilikosea mara moja, nikaweka ya 6, skrini haikubadilika hata kidogo.

Jumapili jioni nikaandika tena COLOR=13. Njano, imekolea kama embe dodo.

Zile chipu nane nilizozing'oa nimezipima zote. Nzima. Ziko kwenye kopo la majani ya chai.