Nilivyojifunza kuhifadhi keki za vikombe kwenye friza

Wifi yangu aliponiomba nimwokee keki za vikombe 120 kwa ajili ya kicheni pati ya binti yake, nilikubali kabla sijapiga hesabu. Trei yangu moja hubeba keki 12, oveni yangu hupokea trei mbili kwa wakati mmoja, na mimi hutoka kazini saa 11 jioni na kufika nyumbani Mbagala saa 1 usiku iwapo foleni imekuwa na huruma. Kuoka peke yake kulihitaji mikupuo mitano ya dakika 20, bado kupoza, bado kupamba, na shughuli ilikuwa Jumamosi mchana. Kuzioka zote usiku wa Ijumaa kulikuwa ni kujitafutia aibu. Kuzioka Jumanne na kuziacha kabatini nako kulikuwa na hatari yake, kwa kuwa katika joto la Dar es Salaam la mwezi wa tatu keki huanza kunata juu siku ya pili, na siku ya nne nimewahi kukuta ukungu.

Kwa bahati nzuri nilikuwa na wiki sita za kufanya majaribio, na nililianza jaribio la kwanza kwa kosa ambalo naamini wengi wetu hulifanya, yaani kuweka keki kwenye friji ya kawaida tukidhani kwamba baridi yoyote huhifadhi. Baada ya siku mbili zilikuwa kavu na zenye kuvunjikavunjika kana kwamba zimekaa wiki nzima. Baadaye ndipo nilipoelewa sababu. Wanga ulioiva ndani ya oveni hunywa maji na kulainika, lakini ukishapoa hujipanga upya taratibu na kuyaachia maji hayo, na hapo keki hukakamaa hata kama haijapoteza unyevu wowote hewani. Mabadiliko hayo huenda kasi zaidi kwenye nyuzi 4 za friji kuliko juu ya meza, ilhali kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri karibu husimama kabisa. Kwa hiyo keki ama ikae mezani siku moja au mbili, ama iende kwenye friza. Friji ya kawaida ni mahali pabaya kwake, isipokuwa pale ambapo krimu iliyo juu yake haiwezi kustahimili joto.

Friza ninayo, ila ilinunuliwa kwa kazi nyingine. Mama mkwe huuza barafu za ubuyu kwa watoto wa mtaani, na upande wa pili hukaa vibua na nyama ya wiki. Nilipanga keki 12 ndani ya sinia, nikafunika kwa kitambaa safi, nikaziacha siku nne. Wifi alipoonja moja alitafuna polepole, akanitazama, akasema, "Ni laini, wifi, lakini mbona inanukia samaki?" Sikuweza kubisha. Siagi na mafuta mengine hunyonya harufu kwa urahisi, na kitambaa hakizuii hewa. Isitoshe, zile zilizokuwa pembeni zilikuwa zimekauka juu na kufanya madoa meupe, kwa sababu hewa kavu ya friza huvuta unyevu hata kutoka kwenye kitu kilichoganda.

Jaribio la tatu nililifanya kwa utaratibu, na ndilo ninalolifuata hadi leo. Keki zikitoka kwenye oveni huziacha ndani ya trei dakika tano tu, kisha huzihamishia kwenye waya mpaka zipoe kabisa, jambo linalochukua saa moja hadi mbili. Keki iliyofungwa ikiwa na uvuguvugu hutoa mvuke, mvuke hugeuka maji, na maji hayo huganda kuwa chembe za barafu zitakazolowesha kikombe cha karatasi siku ya kuyeyusha. Zikishapoa huzipanga kwenye sinia bila kugusana na kuziweka kwenye friza zikiwa wazi kwa muda wa saa moja, ili sehemu ya juu iwe ngumu na isibonyee. Ndipo huifunga kila moja kwa nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, nikiibana ili hewa isibaki, kisha huzitia kwenye chombo chenye mfuniko unaokaza na kubandika tarehe. Kufunga keki 120 moja moja kunachosha, sikatai, na usiku ule mume wangu alilazimika kuacha kuangalia mpira akanisaidie. Lakini nilipojaribu kuzifunga nne nne ili kuokoa muda, ziligandana vichwa.

Sehemu iliyonisumbua zaidi ilikuwa kuyeyusha, na hapa sisi wa pwani tuna shida kuliko mtu wa Njombe. Hewa yetu ina unyevu mwingi; kitu cha baridi kikitoka tu nje hutoa jasho kama chupa ya soda. Nilipofungua keki mara baada ya kuzitoa, umande ulitua moja kwa moja juu yake na uso wake ukawa wa kunata. Dawa yake ni kuziacha ndani ya nailoni zake mpaka zifikie joto la chumba, yapata saa mbili kwa keki ya ukubwa wa kawaida, ili umande utue juu ya nailoni. Ukiona nailoni imekauka kwa nje, fungua.

Kuhusu mapambo sina mengi. Krimu ya siagi na sukari ya unga huganda na kuyeyuka vizuri, lakini mimi hugandisha keki tupu na kupamba siku ya shughuli, kwa kuwa maua ya krimu hayavumilii kubanwa. Krimu ya maziwa iliyopigwa na kastadi hazifai kugandishwa, kwani hutoa maji. Keki za mafuta ya maji, za karoti na za ndizi hurudi laini kuliko za siagi tupu, na iliki haikupoteza harufu yake.

Keki za wifi nilizioka Jumanne na Jumatano usiku. Alhamisi umeme ukakatika saa 3 asubuhi na kurudi saa 12 jioni. Nilikuwa kazini, nikapiga simu nyumbani kumwomba mama asimfungulie mtu yeyote friza, hata kwa barafu moja. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kushikilia baridi hadi saa 48, na iliyo nusu saa 24 hivi, ndiyo sababu nilikuwa nimeziba nafasi zote kwa chupa za maji. Nilikuwa pia nimeweka kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu yake. Niliporudi sarafu ilikuwa pale pale juu, nikajua kwamba barafu haikuyeyuka.

Jumamosi alfajiri nilizitoa, saa 2 asubuhi nikaanza kupamba, na saa 6 mchana zilikuwa ukumbini. Nilibakiza sita kwa ajili ya kupima muda. Ya wiki tatu haikuwa na tofauti niliyoweza kuitambua, ya miezi miwili ilikuwa imeanza kupungua harufu ya vanila, na ya miezi mitatu nilimpa mwanangu, ambaye aliimaliza bila kusema lolote. Mimi nimejiwekea mwezi mmoja, kwa sababu friza yetu hufunguliwa kila baada ya dakika chache watoto wakitoka shule. Vibua sasa vina ndoo yao yenye mfuniko.