Uwanja wa Mkunguni bila watu

Jana baada ya alasiri nilisimamisha kamera Mkunguni, mjini Lamu, mbele ya Ngome, nikafunika lenzi kwa kioo cheusi cha kupunguza mwanga na kuiacha wazi sekunde 30. Watu walikuwa tele: wachukuzi na mikokoteni, watoto watokao chuoni, punda wawili wenye magunia ya saruji. Picha ilipotokea, uwanja mtupu! Wamebaki wazee wawili barazani, wametulia juu ya bao lao. Mkono wa mmoja, uliokuwa ukigawa kete, umekuwa ukungu.

Nilitaka kuona kwa macho yangu jambo lililomtokea Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, mjini Paris mwaka 1838. Alipiga picha ya Boulevard du Temple kutoka dirishani, na bamba lake la shaba lililopakwa fedha lilihitaji dakika kadhaa za mwanga. Waliokuwa wakipita njiani hawakuonekana pichani. Aliyeonekana ni mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu, na ndiye anayetajwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kuonekana pichani. Jina lake halijulikani. Hilo hunigusa kila nikiitazama.

Hapa kwetu Lamu namheshimu mno mpiga picha Omar Said Bakor, aliyekata picha kwa mkono na kuziunganisha studioni kabla ya kompyuta. Yeye aliongeza vitu pichani, Daguerre alipunguza watu bila kukusudia.

Niliporudi kumwonyesha mzee wa bao picha, nilimwamkia, akaishika simu karibu na uso, akaitazama sana.

"Mwanangu, na punda wangu yuko wapi?"