Gurudumu, msuguano na siku yangu ya kusomesha Pemba

Saa 12 na nusu asubuhi. Natoka na baskeli kwenda skuli. Usiku imenyesha, na kabla ya kufika lami kuna kipande cha udongo mwekundu. Nakanyaga pedeli, tairi la nyuma linazunguka pale pale. Nguvu za miguu ninazo, ila ardhi imekosa mshiko. Tairi husukuma ardhi nyuma, msuguano ukalisukuma tairi mbele. Ukikosekana huo, hakuna safari.

Saa 2. Darasani nimeegemeza ubao juu ya matofali. Nina kipande cha mpini wa jembe na kipande cha bomba la plastiki. Nikiviachia viviringike, kipi kitafika chini mwanzo? "Kizito, maalim!" Mpini ukatangulia, wakashangilia. Nikaleta bomba la chuma, zito kuliko mpini. Mpini ukatangulia tena, na darasa likanyamaza.

Uzito hauamui, wala unene. Kinachoamua ni tungamo, yaani wingi wa maada ya kitu, limekaa wapi. La bomba karibu lote liko pembezoni, hivyo nusu ya nishati ya mwendo huenda kwenye kuzunguka. Kwa mpini ulioshiba ni theluthi tu. Ndiyo maana bomba huchelewa, kwa muda wa kama asilimia 15 zaidi.

Sasa, nani anayevizungusha? Uzito unavuta katikati, hauwezi kupindua kitu. Ni msuguano. Ubao ungekuwa hauna msuguano kabisa, vyote vingeserereka sawa kwa sawa bila kuzunguka hata kidogo. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote katika somo hili, maana watoto hufika wakiamini msuguano kazi yake ni kuzuia tu.

Nikatia alama ya chaki ukingoni mwa bomba. Alama ikigusa ubao, kwa nukta hiyo imesimama tuli. Ikifika juu, inakwenda mara mbili ya kasi ya bomba lenyewe. Kijana wa nyuma akauliza: "Kama pale chini hapatelezi, msuguano unakula nishati gani?" Haili, mwanangu. "Basi mbona baskeli husimama?" Swali zuri mno! Nikamwambia akaminye tairi lake.

Saa 7 na nusu, nyumbani, sala na wali.

Saa 10 alasiri niko kwa fundi. "Tairi limelala hili, maalim, utachoka bure." Ni kweli. Mpira ukiwa na upepo mdogo hubonyea na kufumuka kila mzunguko, na nishati inaishia kuwa joto ndani yake. Hilo, upepo wa mbele na gololi zilizokauka girisi ndivyo vinavyoisimamisha baskeli.

Saa 2 usiku naandaa somo la breki. Swali la kwanza nimeshaliandika: gari inashuka mlima kwenye mvua, dereva akakamata breki mpaka magurudumu yakafunga na kuanza kuburura. Kwa nini gari haifuati tena usukani?