Nimenyimwa zamu nikiwa likizo

Nina hasira tangu juzi. Nipo Ujerumani, nahudumia wazee kwenye kituo, na likizo yangu ilipokaribia nilimfuata msimamizi nikamwomba anipangie zamu chache za malipo humo humo ndani ya likizo. Akachukua kalamu, akaufuta kwa mstari mmoja mrefu jina langu kwenye ratiba ya ukutani. "Likizo ni ya kupumzika." Nikamwambia basi nitaenda kupanga mizigo ghalani kwa watu wengine. Akasema hata huko hairuhusiwi.

Nikajua ananionea, nikaisoma sheria yenyewe. Ni ya mwaka 1963. Likizo ya malipo isipungue wiki nne kwa mwaka, na ukiwa likizo usifanye kazi ya kulipwa inayoharibu hayo mapumziko. Ukiugua ukapeleka cheti cha daktari, siku za ugonjwa unarudishiwa. Jumapili nayo inalindwa na katiba, kifungu cha mwaka 1919 ambacho bado kinatumika, ndiyo maana maduka karibu yote yanafungwa. Usiponunua unga Jumamosi, imekula kwako.

Sasa anayejua bei ya bati pale Moshi ataelewa kwa nini niliumia. Wanaoniambia nilale hawana kundi la WhatsApp la ukoo ambalo mchango mmoja haujaisha mwingine umeshatangazwa. Hawana mtoto wa marehemu dada anayesubiri ada Januari. Nyie mnaojiandaa kuja, wakala akikuambia huku utapiga kazi tatu kwa mpigo, mwambie akuoneshe mkataba. Soma saa za wiki na siku za likizo, halafu piga hesabu ya mshahara mmoja, baada ya kodi na bima. Usimwahidi mtu nyumba kwa mshahara wa pili.

Na mapumziko yenyewe ni ya upweke. Jumapili mtaa mzima kimya, kila mtu na mlango wake. Kwetu Machame ibada ikiisha watu hawaondoki, wanazunguka mnada pale nje ya kanisa. Mkungu wa ndizi unapandishwa bei, mzee ananunua kuku kisha anamrudisha auzwe tena, watu wanashangilia. Mama yangu hajawahi kupewa likizo na mtu yeyote, wiki nzima yuko shambani na sokoni Mbuyuni, lakini pale nimemwona ameketi na wenzake mpaka jua linageuka, hana haraka. Hicho sijakipata huku, na siamini kama nitakipata.

Hata hivyo siwezi kuwasema vibaya Wajerumani kwa hili, nikimfikiria mdogo wangu. Yeye ni "mgumu", ndivyo wapagazi wa mlimani wanavyoitwa, anapandisha mizigo ya wageni Kilimanjaro. Msimu ukichanganya anashuka leo kwa njia ya Mweka magoti yamevimba, kesho alfajiri yuko geti la Machame anatafuta tripu nyingine, kilo 20 za mgeni na begi lake mwenyewe juu. Akikataa, jina lake linasahaulika. Kisha inakuja masika, Aprili na Mei, wageni wanakatika. Anakaa nyumbani hana hata senti, anakopa sukari kwa Mangi mwenye duka, usingizi haumjii kwa mawazo ya kodi ya nyumba. Watu wakimwona kibarazani wanasema anapumzika. Hapana, ile ni njaa.

Sheria hata Tanzania tunayo. Ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo na inaweka mwisho wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Lakini mdogo wangu anaajiriwa kwa tripu, akishuka mlima ajira imekwisha, hizo siku 28 azidai kwa nani? Wahudumu wangapi wa hoteli Arusha wanazimaliza bila kupigiwa simu warudi?

Ameniuliza kama aje huku. Nimemwambia masika haya aanze kusoma Kijerumani, ada nitalipa mimi. Ila ningefurahi zaidi kama kampuni zinazopata riziki kwa mgongo wake zingemlipa kitu Aprili na Mei, magoti yapone, akae na mwanawe.